Niliyofundishwa Mezani

Vijana wanaokuja kuniuliza nimewezaje kuandika miaka yote hii, huku nikiwa na ajira, watoto na ukoo usiopungukiwa shughuli, huwa wamejiandaa kunakili jina la programu ya simu au la kitabu cha Mmarekani fulani kuhusu mafanikio. Vitabu hivyo nimevisoma, na baadhi vina mambo ya maana. Lakini karibu kila ninachokifanya vizuri nikiwa na kalamu nilionyeshwa na mtu aliyevuta kiti, akakaa pembeni yangu, akaweka kidole kwenye mstari na kuniuliza swali. Nataka kusimulia nilichoonyeshwa, anayekihitaji achukue.

Niliingia chumba cha habari Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mfumo wa vyama vingi ulikuwa umerudishwa mwaka 1992, na magazeti ya watu binafsi yakachipuka, mengine yakidumu, mengine yakifa kabla hayajajulikana hata Morogoro. Miaka mingi kabla ya hapo msomaji wa Kiswahili wa Bara alitegemea zaidi Uhuru na lile la Jumapili, Mzalendo, yote ya chama. Ghafla wakahitajika waandishi wengi, na wengi wetu tulichukuliwa tukitoka kidato cha sita, bila kupita chuo chochote cha uandishi. Nilikuwa ripota wa kulipwa kwa habari: ikichapishwa unalipwa, isipochapishwa umetembea kwa nauli yako mwenyewe. Taipureta zilikuwa chache kuliko sisi, na mwanamke aliyekuwa na kiti chake mle ndani alikuwa amekipigania.

Kulikuwa na mhariri mmoja mtu mzima, aliyekwisha kustaafu kwingine akaitwa aje kusaidia. Wote tulimwita Mzee. Ukimpelekea habari hakuanza kuisoma. Aliitikia shikamoo yako, kisha akasema, "Nipe daftari." Alifungua ukurasa wa siku ile, akaweka kidole kwenye jina la mtu wa kwanza uliyemnukuu.

"Huyu ni Salimu au Salim?"

Ukijibu Salim, aliuliza tena: "Amekwambia yeye, au wewe ndiye unayemwita hivyo?"

Kwetu hilo si swali dogo. Mtu mmoja ni Saidi, wa pili Said, wa tatu Saeed. Yuko Mwanahamisi na yuko Mwanakhamis. Yuko anayeitwa Joni mtaani kwao na John kwenye cheti cha ubatizo. Mtu akiona jina lake limepotoshwa gazetini, hata kama mengine yote yako sawa, hakuamini tena, na majirani zake hawakuamini. Dawa aliyotupa Mzee ilikuwa nyepesi: mpe mtu daftari na kalamu, aandike jina lake kwa mkono wake. Kama hajui kuandika, atamke, uandike wewe, kisha umsomee silabi kwa silabi mpaka aridhike.

Niliijaribu kwanza kwa mama mmoja muuza dagaa katika soko la Kariakoo. Alikuwa akinijibu kwa mkato, macho yako kwa wateja. Nilipompa daftari alifuta mikono kwenye kanga, akashika kalamu kwa uangalifu, akaandika majina matatu: lake, la baba yake na la babu yake. Akanirudishia daftari na kusogeza ndoo ili nipate pa kukaa. "Haya, mwanangu, sasa niulize vizuri." Akanieleza bei ya gunia kutoka Mwanza, ushuru wa soko, na jinsi mzigo unavyopungua uzito njiani kadiri unavyokauka, mambo ambayo sikuwa hata na akili ya kuyauliza. Kuandika jina lake kulimfanya mwenzangu katika kazi ile. Hakuna kifaa nilichowahi kununua kilichonipa faida kama hiyo.

Daftari lenyewe lilikuwa na mpango. Ukurasa wa kushoto ni wa maneno ya mtu, kama alivyoyasema. Ukurasa wa kulia ni wangu: nilichokiona kwa macho, bei zilizoandikwa kwa chaki, nani alikuwa amesimama karibu wakati mtu anajibu, na alama ya kuuliza kila palipohitaji kuhakikiwa. Juu kabisa tarehe, mahali na saa ya kuanza mazungumzo. Faida yake huionekani siku hiyo hiyo. Unaiona jioni, ukiwa umechoka, unapokaa kuandika na kukuta maneno ya watu hayajachanganyika na mawazo yako. Unaiona zaidi miezi kadhaa baadaye, mkubwa fulani anapopiga simu kwa hasira kusema hakusema alichokisema, nawe unafungua ukurasa wa kushoto na kumsomea kwa upole. Siku hizi nabeba simu yenye kinasa sauti, lakini daftari bado lipo mkononi na kurasa zake bado zimegawanyika vilevile.

Daftari la pili nililianzisha kwa shauri la dada mmoja wa meza ya jirani, naye aliliita la madai. Lilikuwa kauntabuku kubwa yenye jalada gumu. Kila habari yangu iliyotoka niliiandikia tarehe, kichwa chake, ukurasa ilipochapishwa, na nafasi tupu ya kujaza siku ya malipo. Chini yake nilibandika kipande chenyewe kilichokatwa gazetini. Mwandishi wa kulipwa kwa kipande anaishi kwa kumbukumbu hizo. Gazeti moja, ambalo sitalitaja, lilikaa muda mrefu bila kutulipa, na siku pesa zilipopatikana kila mtu aliambiwa ataje anachodai. Wenzangu walitaja kwa kukisia, nao wakabishiwa. Mimi nilimfungulia mhasibu kauntabuku mbele yake, naye akavuta jalada la magazeti na kupitia ukurasa kwa ukurasa akilinganisha. Hakuna mstari aliobishia. Akanilipa palepale, kisha akamwita kijana wake aje aone jinsi lilivyopangwa.

Miaka baadaye, nilipoomba kazi ya uhariri mahali pengine, niliulizwa shahada yangu. Sikuwa nayo wakati huo. Niliweka kauntabuku mezani. Yule aliyekuwa akinisaili alianza kufungua kwa haraka, halafu akapunguza kasi, halafu akaanza kusoma. Ndani mlikuwa na kazi yangu, kuanzia zile habari fupi za ajali hadi makala za kurasa mbili, kwa mpangilio wa tarehe, mtu akiona mwenyewe nilipoanzia na nilipofika. Nasikia vijana wakiandika kwenye wasifu wa kazi kwamba wao ni wabunifu na wachapakazi. Kila mwombaji anaandika hivyo. Weka kazi yako mahali pamoja, kwa tarehe, tangu ile ya kwanza, hata kama leo unaiona ndogo.

Kupiga taipu kwa vidole kumi nako kulinipeleka mbali kuliko nilivyotegemea. Chumba chetu kilijaa wapigaji wa vidole viwili, hodari na wenye kelele. Mimi nilijiandikisha masomo ya jioni ya uhazili, kwenye chumba kimoja chenye taipureta nzito za chuma, ambako mwalimu alifunika mikono yetu kwa kitambaa ili tusiangalie herufi. Mazoezi ya kwanza ni mstari wa katikati tu, herufi zilezile jioni nzima, mpaka kidole kijue kwao. Hapo niligundua jambo ambalo hakuna kitabu cha taipu cha Kiingereza kingenieleza. Kiswahili kimejaa herufi a, na a iko chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho ni dhaifu kuliko vyote. Kwenye taipureta ya chuma nguvu ya kidole ndiyo inayopeleka wino kwenye karatasi. Basi kurasa zetu za mwanzo zilitoka na a hafifu kila mahali, na kwenye nakala ya kaboni hazikuonekana kabisa: "bandari" ilisomeka kama meno yaliyong'oka. Mwalimu alitupa zoezi la peke yake la kidole kile, maneno kama "barabara" na "maana", kurasa na kurasa.

Nilichovuna ni zaidi ya kasi. Mtu anayetafuta herufi kwa macho anaandika huku akili yake imegawanyika, nusu kwenye sentensi, nusu kwenye kibao. Vidole vikishajua njia, akili yote inabaki na sentensi. Taipureta imeondoka, kompyuta imekuja, lakini mpangilio wa herufi ni uleule, na zile jioni za kitambaa zinanilipa mpaka leo. Ningekuwa mkuu wa chuo chochote kinachofundisha kazi za ofisi au uandishi nchini, ningeweka somo hili mwaka wa kwanza na kulitahini. Naona wahitimu wa shahada wakiandika ripoti kwa vidole viwili na kumaliza siku nzima kwenye kazi ya asubuhi moja, na hakuna anayewaambia kwamba jambo hili linajifunzika.

Sasa nije kwenye muda, maana ndiko maswali mengi yanakoelekea. Watu wanadhani waandishi wetu wakubwa walikuwa na utulivu fulani ambao sisi tumenyimwa. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa karani wa serikali ya kikoloni karibu maisha yake yote ya kazi. Alianza forodhani mwaka 1926, akahamishiwa idara ya mifugo kule Mpwapwa, kisha akarudi Tanga kwenye ofisi ya jimbo na baadaye ya upimaji wa ardhi. Alikuwa na mkubwa wa kumtumikia na mshahara wa karani mwafrika. Katikati ya hayo aliandika tenzi, riwaya, insha na maisha yake mwenyewe, na bado alikuwa akimwandikia barua ndugu yake Yusuf Ulenge. Barua hizo, za kuanzia 1931 hadi 1958, zimekuja kuchapishwa kitabu. Muhammed Said Abdulla, aliyetuletea mpelelezi Bwana Msa, alifanya kazi ya uhariri wa magazeti huko Unguja. Tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, naye ni Rais wa nchi. Na Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya nzima ya Kigikuyu gerezani Kamiti, mwaka 1978, kwenye karatasi za chooni. Mimi niliyekuwa na meza, hata kama ilikuwa ileile ya kupigia pasi, nilikosa la kusingizia.

Saa yangu ni kumi na moja alfajiri. Sikuichagua kwa kupenda. Nilikuwa nimepanga chumba katika nyumba ya wapangaji wengi, yenye bomba moja uani na redio karibu kila mlango. Jioni haikuwa yangu: watoto, jiko, wageni, na wale wa kupita kusalimia. Mchana ulikuwa wa mwajiri. Uliobaki ni ule muda kati ya adhana na kelele za kwanza za ndoo bombani. Niliutumia. Niliandika kwa mkono, kwa mwanga wa taa ya chemli pale umeme ulipokuwa haupo, na kulipopambazuka niliacha hata kama sentensi ilikuwa katikati. Nimegundua sentensi iliyoachwa katikati inanivuta kesho yake kuliko aya iliyokamilika. Na usiku, kabla ya kulala, nafungua daftari ukurasa mpya na kuandika juu yake swali moja la kesho: "Kwa nini bei ilipanda kabla ya mvua?" au "Baba yake alisema nini alipojua?" Nikiamka sitafuti cha kuandika, najibu.

Kuna ushauri mmoja wa vitabu vya mafanikio ambao siuafiki, nami nausema kwa sababu nimeona ukiwaumiza watu. Wanafundisha kwamba ili uzalishe, ujifunze kukataa: kataa mialiko, kataa simu, kaa mbali na wanaokupotezea muda. Kwetu mtu aliyekataa msiba amejikata mwenyewe, na siku yake ikifika atakaa peke yake kwenye mkeka. Nami sitaki kuwa mwandishi wa watu nisiozika nao. Kwa hiyo nilitafuta saa ambayo hata msiba hauichukui. Hakuna kikao cha kamati ya harusi saa kumi na moja alfajiri. Hakuna anayekuja kuomba mchango saa hiyo. Jirani akiona mwanga dirishani anajua ninafanya nini, na siku hizi wanawaambia wageni, "Subiri kidogo, anaandika." Harusini naenda, mchango natoa mapema ili nisifuatwe, na kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo nasoma mara moja kwa siku, baada ya chakula cha mchana. Simu yenyewe inalala jikoni. Mambo haya yanawezekana bila kumvunjia mtu heshima, mradi waliokuzunguka wajue saa yako na waone kwamba saa nyingine zote upo.

Kompyuta zilipokuja zilitupa mengi, na zikatuletea matatizo mapya ambayo ilibidi tuyatafutie dawa wenyewe. La kwanza ni ile mistari myekundu. Programu za kuandikia zilikuja zikijua Kiingereza peke yake, kwa hiyo ukurasa wa Kiswahili ulipigiwa mistari myekundu karibu kila neno. Baada ya wiki jicho linazoea, na likishazoea, neno lililokosewa kweli kweli linapita pamoja na mengine bila kuonekana. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, na wengine wakafuata, lakini mashine nyingi maofisini zilibaki kama zilivyokuwa. Mimi nilizima kabisa ile mistari, nikarudi kwenye rula. Mzee alikuwa akisoma prufu kwa rula ya mbao: anaiweka chini ya mstari mmoja, anausoma kwa sauti ya chini, anaishusha. Akimaliza anaanza tena kutoka mstari wa mwisho kwenda juu, ili maana isimbebe akapita bila kuona. Kazi muhimu hadi leo naichapa kwenye karatasi na kuisoma hivyo. Ukisoma kwa sauti utasikia pale pumzi inapokatika. Hapo ndipo sentensi imezidi urefu, hata kama kisarufi haina kasoro.

La pili ni umeme. Mwaka 2006 ukame ulipokausha mabwawa ya kuzalishia umeme, mgao ulikuwa wa saa nyingi za mchana. Waliokuwa wameacha kalamu walikaa wakisubiri. Nilichofanya ni kuigawa orodha yangu ya kazi sehemu mbili: zinazotaka umeme na zisizotaka. Kupiga simu, kusoma, kupanga mtiririko wa makala, kuandika rasimu kwa mkono, kusahihisha kwenye karatasi, yote hayo hayahitaji umeme. Umeme ukirudi unakuta kilichobaki ni kupiga taipu na kutuma. Mgao ule uliisha, lakini orodha ya sehemu mbili nimeibakiza, isipokuwa siku hizi upande mmoja ni wa kazi zinazotaka bando na mwingine ni wa zisizotaka. Mwandishi aliyezima data kwa saa mbili huku akijua hasa cha kufanya ndani ya saa hizo anamaliza makala.

La tatu ni nakala. Mwenzangu mmoja aliibiwa begi kwenye basi la kwenda mkoani, na ndani yake mlikuwa na kompyuta yenye mswada wake wa miaka. Haukuwepo mahali pengine popote. Sijawahi kuona mtu mzima akilia vile kwa kitu kisicho mtu. Tangu hapo kila ninachokiandika kinakaa mahali patatu: kwenye mashine, kwenye flashi inayokaa nyumba nyingine, na kwenye barua pepe yangu mwenyewe. Na faili nalipa jina linaloanza na mwaka, mwezi, siku, kisha maneno mawili ya mada, ili yajipange yenyewe kwa tarehe. Nikihitaji rasimu ya zamani siitafuti kwa kubahatisha.

Kuhusu kamusi nitasema kidogo tu, ingawa ningeweza kusema sana. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyoandaliwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilitoka mara ya kwanza mwaka 1981, na nakala niliyoirithi kwa Mzee ilikuwa na nukta ndogo za penseli pembeni ya maneno. Alikuwa akiweka nukta kila alipotafuta neno. Neno lenye nukta mbili aliliandika kwenye karatasi aliyoikunja ndani ya jalada, kwa sababu, alisema, neno ulilolitafuta mara mbili hulijui, unadhani unalijua. Nimeendelea na nukta hizo kwenye Kamusi Kuu ya BAKITA ya mwaka 2015. Tafsiri ndiyo iliyonipa kipato kikubwa zaidi maishani, na nilipewa kazi ya kwanza ya tafsiri kwa sababu mtu aliona ile orodha imechomoza ndani ya kamusi yangu akauliza ni ya nini.

Nikitazama nyuma naona kupanda kwangu kazini kulikwenda hivyo mara nyingi: ujuzi mdogo niliokuwa nao kabla haujahitajika. Kwa kuwa nilipiga taipu haraka, niliitwa kusaidia dawati la uhariri usiku. Kwa kuwa nilikuwa dawatini usiku, nikajifunza kusoma prufu. Kusoma prufu kukanikutanisha na watu wa vitabu. Wanawake wenzangu wa fani walikuwa wametangulia kunionyesha kwamba inawezekana; TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, kilianzishwa mwaka 1987, na jarida lao waliliita Sauti ya Siti, kwa heshima ya mwimbaji wa taarab Siti binti Saad. Kulishika mkononi jarida lililoandikwa na kuhaririwa na wanawake, kwa Kiswahili, kulinipa picha ya mahali pa kwenda. Nilijiwekea utaratibu wa kujifunza jambo moja kubwa kila mwaka, la kazi, na kulilipia mwenyewe kama mwajiri hataki. Nauli na ada ya jioni zilinibana. Sijutii hata shilingi moja.

Leo ripota anafika kazini na simu ambayo ni kamera, kinasa sauti, kamusi na mashine ya kuandikia kwa pamoja. Ipo hata programu ya kumwandikia habari nzima kwa sekunde chache. Nazitumia baadhi: kunakili mazungumzo ya saa nzima kutoka kwenye sauti ilikuwa kazi ya mchana mzima, sasa mashine inanipa rasimu nami nasahihisha nikisikiliza. Lakini haijui kama ni Salimu au Salim. Haikukaa kwenye ndoo ya dagaa. Na Kiswahili chake mara nyingi kimevaa mifupa ya Kiingereza, kwa hiyo kijana asiyesahihishwa anajifunzia hapo na kudhani ndivyo watu wanavyosema.

Kinachonihangaisha ni kwamba vile viti vya pembeni vimebaki vitupu. Vyumba vya habari vimepunguza wahariri, wazee wamestaafu, na kijana anatuma habari yake kwa simu akiwa hukohuko mtaani, inachapishwa, bila mtu yeyote kuomba daftari lake. Hakuna anayemuuliza. Akikosea anasemwa mitandaoni, akipatia hajui alipatia wapi. Wengi wao wana akili na bidii kuliko sisi tulivyokuwa, na wanapotea kwa kukosa mtu wa kukaa nao nusu saa.

Nawaomba wenzangu mlio na miaka kazini, iwe gazetini, redioni, ofisi ya serikali au shirika lolote linaloishi kwa maandishi: mchukueni kijana mmoja. Si lazima iwe semina yenye bajeti na posho. Mara moja kwa wiki mvutie kiti, mwombe daftari lake, weka kidole kwenye jina la kwanza, muulize limeandikwa na nani. Na wewe kijana usiye na wa kukuita, chukua kazi yako uliyoichapa, nenda kwa mtu unayeiheshimu kazi yake, mwamkie, umwombe akusomee ukurasa mmoja mbele yako, kalamu ikiwa mkononi mwake. Nimewaona wengi wakiombwa hivyo, na sijamwona aliyekataa.